Istilahi za Forodha katika Kuhamisha Vitu vya Nyumbani kwa Njia ya Barabara

1. Utangulizi

Mtu anayehama nchi moja kwenda kuishi katika nchi nyingine hupitisha mpakani nyumba yake nzima, isipokuwa kuta na paa. Hupitisha vitanda, meza, sufuria, vitabu, cherehani, baiskeli za watoto, na pengine gari lenyewe analosafiria. Kwa mwenye mali, hivyo ni vyombo vyake tu alivyovizoea. Kwa sheria ya forodha, hizo ni bidhaa ziingiazo nchini, na bidhaa iingiayo hutozwa ushuru uliopangwa isipokuwa pale sheria inapoisamehe. Baina ya mitazamo hiyo miwili yamesimama maneno machache. Madhumuni ya makala haya ni kuyaeleza maneno hayo, na kuonyesha kwamba mfasiri akiyachanganya, anayelipa gharama ni mwananchi.

Sheria inayohusika katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwezi Januari 2005. Masharti juu ya vitu vya wasafiri na wahamaji yamo katika Jedwali la Tano la sheria hiyo. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, lakini watu wengi wanaofika mpakani huipokea kwa Kiswahili, kwa kinywa cha afisa, cha wakala au cha dereva wa lori. Katika mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, na katika mwaka huo huo Wakuu wa Nchi za Jumuiya waliamua kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Kwa hiyo haja ya istilahi zilizo wazi katika uwanja huu si jambo la kusubiri.

2. Safari ya mfano

Tuchukue mfano wa familia iliyoishi Gaborone kwa miaka kadhaa na sasa inahamia Mbeya. Lori lao litavuka mto Zambezi kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwezi Mei 2021 mahali ambapo zamani magari yalivushwa kwa pantoni. Kisha litapita Lusaka, Kapiri Mposhi na Mpika hadi Nakonde, na hapo litaingia Tunduma, ambako kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa mwezi Oktoba 2019.

Vitu ni vile vile safari nzima, lakini hadhi yake kisheria hubadilika mara tatu. Vinapotoka Botswana ni mali inayosafirishwa nje. Ndani ya Zambia ni shehena ya mpito: havikusudiwi kubaki huko, kwa hiyo huweza kufungwa kwa lakiri, kutolewa dhamana, na kupangiwa njia na muda wa kuvuka nchi. Vinapofika Tunduma ni mali inayoingizwa, na hapo ndipo swali la ushuru huulizwa. Baadhi ya watu huona kwamba neno “mpito” halifai kwa kuwa limezoeleka katika siasa, kama katika “serikali ya mpito”. Pingamizi hilo si kubwa. Likiandamana na neno “shehena”, hakuna atakayelidhania vingine. Kinachofaa kuepukwa ni kusema “shehena ya njiani”, kwa maana kila shehena iliyo safarini iko njiani, hata ile inayotoka Iringa kwenda Dodoma.

3. Forodha, ushuru na kodi

“Forodha” ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ilihusu bandari na mahali pa kupakulia shehena. Jina la Forodhani katika mji wa Unguja linatukumbusha maana hiyo. “Ushuru” nalo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya fungu la kumi. Hata hivyo maana ya kumi ilikwisha kupotea zamani: mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sultani Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 tu. Leo Jumuiya ina viwango vinne vya ushuru wa pamoja, yaani 0, 10, 25 na 35 kwa mia, kile cha nne kikiwa kimeongezwa tarehe 1 Julai 2022.

Yafaa mfasiri atenge “ushuru wa forodha”, utozwao kwa sababu bidhaa imevuka mpaka, na “kodi”, ambayo ni neno pana zaidi. Kodi ya ongezeko la thamani, mathalani, hukusanywa mpakani na maafisa wale wale, lakini msingi wake ni sheria nyingine. Tangazo linalosema “hakuna kodi” mahali palipokusudiwa “hakuna ushuru wa forodha” humwahidi msomaji jambo ambalo sheria haikuliahidi.

Uzito wa jambo hili waonekana katika hesabu. Samani ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa katika kiwango cha 35 kwa mia. Samani zikithaminiwa shilingi 4,000,000 na kutozwa kwa kiwango hicho, ushuru peke yake ni shilingi 1,400,000, bila kuhesabu kodi nyingine. Samani hizo hizo zikikubaliwa kuwa ni vitu vya nyumbani vya mtu anayehama makazi, ushuru huo hautozwi.

4. Vitu, vyombo na samani

Jedwali la Tano linamruhusu anayehama kuingiza bila ushuru mavazi yake, pamoja na vitu vyake binafsi na vya nyumbani vya aina yoyote alivyovitumia katika makazi yake ya zamani. Tafsiri nyingi hupenda kusema “vyombo vya nyumbani”. Neno hili ni zuri katika mazungumzo, bali katika sheria lina kasoro mbili. Kwa wasemaji wengi “vyombo” ni sahani, vikombe na sufuria, na katika matumizi mengine ni “vyombo vya moto” au “vyombo vya majini”. “Samani”, au “fanicha” kama wengi wasemavyo leo, ni finyu vile vile, kwani haligusi vitabu wala jokofu. Tunaona kuwa “vitu vya matumizi ya nyumbani” ndilo fungu la maneno lililo bora. Si fupi, lakini lina neno “matumizi”, na hilo ndilo kiini cha sharti lenyewe.

Sheria haiulizi tu kama kitu ni mali ya mhamaji, bali yauliza kama alikitumia kule atokako. Jokofu jipya lililonunuliwa Lusaka njiani, likiwa bado ndani ya boksi lake, ni mali halali ya mwenyewe, lakini halikutumika katika makazi yake ya Gaborone. Mfasiri akiandika “vitu anavyovimiliki” badala ya “vitu alivyovitumia”, msomaji atanunua jokofu hilo akidhani limo katika msamaha.

Kwa gari, sheria yataka mambo yote mawili. Anayehama aweza kuingiza gari moja, ambalo yeye mwenyewe amelimiliki na kulitumia nje ya nchi za Jumuiya kwa muda usiopungua miezi 12, naye awe ametimiza umri wa miaka 18. Katika kuhesabu miezi hiyo, muda wa safari ya melini hauhesabiwi. Mfasiri akiandika “muda wa safari” tu, atakuwa ameongeza sharti kwa wasafiri wa barabara ambao sheria haikuwakusudia.

5. Makazi si uraia

Msamaha huu hutolewa kwa mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya nchi za Jumuiya na kuja kukaa ndani ya nchi mojawapo. Wanaohusika ni wa namna mbili: wanaoingia kwa mara ya kwanza, na wakaazi wanaorejea. Mara nyingi husikika ikisemwa “raia wanaorudi nyumbani”, na hapo maana huharibika kwa pande mbili. Mwalimu kutoka Botswana anayekuja kuishi Mbeya kwa mara ya kwanza si raia, lakini sheria inamtaja. Kwa upande mwingine, raia wa Tanzania aliyekwenda Lusaka kutembea tu hakuhamisha makazi, na uraia wake hautoshi kumpatia msamaha wa kuhama.

Twapendekeza “makazi” litumike kwa mahali mtu anapoishi kwa kudumu, “mkaazi” kwa mtu mwenyewe, na “kuhama makazi” kwa tendo lenyewe. “Makao” libakie katika “makao makuu” na matumizi kama hayo.

6. Jora, doti na mavazi

Sheria inataja vitu ambavyo havimo katika msamaha wa wasafiri hata vikiwa ndani ya mizigo yao. Miongoni mwake ni bidhaa za biashara, vitu vya kuuza au kugawia watu wengine, na vitambaa ambavyo havijakatwa kutoka katika jora. Hapa pana mtego kwa mfasiri. Anayefuata wazo la kigeni bila kutazama maisha ya watu wetu ataandika “vitambaa visivyoshonwa”. Lakini katika nchi zetu kanga huvaliwa bila kushonwa, pengine baada ya kupindwa tu, na kitenge hufungwa kiunoni kama kilivyotoka dukani. Kwa tafsiri hiyo, kabati la mama wa nyumbani lenye doti 20 za kanga alizozivaa miaka mingi lingegeuka kuwa shehena ya vitambaa.

Lugha yetu tayari inalo neno linalofaa. “Vitambaa vya jora” ni vile vilivyo katika mzingo wake, vingojeavyo kukatwa. “Doti” ni vazi. Kwa kuandika “jora”, mfasiri hatakuwa amemfunga mikono afisa, kwani afisa bado aweza kuuliza kama doti 200 ni za kuvaa au za kuuza. Atakuwa ameeleza tu kile ambacho sheria imekieleza.

7. Msamaha, marejesho na uingizaji wa muda

Katika maisha ya kawaida, aliyesamehewa amesamehewa, jambo limekwisha. Katika forodha, msamaha una masharti yanayoendelea kuishi baada ya lori kupita. Vitu visipofuatana na mwenyewe, yapasa viingie katika siku 90 tangu siku ya kuwasili kwake, au katika muda zaidi atakaoruhusu Kamishna, usiozidi siku 360. Tena aliyesamehewa akihama kutoka nchi za Jumuiya kabla ya siku 90 kupita tangu kuwasili, sharti avitoe vitu vyake katika siku 30 au muda wa ziada atakaopewa. La sivyo, ushuru hudaiwa tangu tarehe vilipoingia. Kwa sababu hiyo maelezo kwa umma yafaa yaseme “msamaha wenye masharti”, hata kama sheria imetumia neno moja.

Msamaha usichanganywe na jirani zake wawili. “Marejesho ya ushuru” ni fedha iliyokwisha kulipwa kisha ikarudishwa. “Uingizaji wa muda” ni ruhusa ya kuingiza kitu bila kulipa ushuru kwa ahadi ya kukitoa tena katika muda uliowekwa, na kwa kawaida huambatana na dhamana. Anayekuja na gari lake kwa kazi ya miezi michache kisha arudi ahitaji uingizaji wa muda, si msamaha wa kuhama.

8. Kutamka na kugomboa

Mhamaji hutakiwa kumweleza afisa vitu vyote alivyo navyo. Baadhi ya watu husema “kutangaza”, wengine “kukiri”. La kwanza lafanana na kupiga mbiu, na la pili lafanana na kuungama kosa. “Tamko la forodha” limetulia zaidi: halimfanyi mtu mkosaji, bali lamfanya awajibike kwa aliyoyasema. Tamko huambatana na orodha ya vitu. Orodha isemayo “mizigo mbalimbali, maboksi 30” haimsaidii mtu. Isemayo “cherehani 1, iliyotumika” ni nusu ya ushahidi.

Vile vile yafaa kutofautisha bidhaa “zilizopigwa marufuku” na bidhaa “zenye masharti”. Za kwanza haziingii kabisa. Za pili huingia kwa kibali. Mhamaji hujikuta katika fungu la kwanza bila kukusudia anapofunga nguo zake katika mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

“Kugomboa” ni neno lililokomazwa na watu wa bandarini, nalo lina maana ya kukamilisha taratibu za forodha na kutoa mzigo. Halina sababu ya kuonewa haya katika maandishi rasmi. Tena latuepusha na “kukomboa”, lenye mzigo wa maana nyingine.

9. Muhtasari wa istilahi

Ushuru wa forodha: tozo juu ya bidhaa kwa sababu ya kuvuka mpaka.
Shehena ya mpito: mali inayovuka nchi bila kukusudiwa kubaki humo.
Lakiri: alama ya kufungia shehena ili isifunguliwe njiani.
Dhamana: ahadi ya fedha kwamba masharti ya forodha yatatimizwa.
Vitu vya matumizi ya nyumbani: vitu ambavyo mhamaji na jamaa yake wamevitumia katika makazi ya zamani.
Kuhama makazi: kuacha mahali pa kuishi na kwenda kukaa pengine, pasipo kujali uraia.
Vitambaa vya jora: vitambaa vilivyo katika mzingo, havijakatwa kwa matumizi.
Msamaha wenye masharti: kutotozwa ushuru maadamu masharti yatimizwa.
Marejesho ya ushuru: kurudishiwa ushuru uliokwisha kulipwa.
Uingizaji wa muda: kuingiza kitu kwa ahadi ya kukitoa tena.
Tamko la forodha: maelezo rasmi ya mwenye mali juu ya vitu alivyo navyo.
Kugomboa: kukamilisha taratibu za forodha na kutoa mzigo.

10. Hitimisho

Maneno yaliyoelezwa hapa si mageni, na mengi yamo vinywani mwa watu. Kinachohitajika ni kila moja kupewa kazi yake na kuachwa humo, ili msomaji wa kipeperushi huko Tunduma, Namanga au Rusumo apate maana ile ile aliyo nayo afisa aliye mbele yake. Watafsiri, walimu wa biashara na watumishi wa forodha wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika kazi zao za kila siku. Neno litakaloonekana kukwama mpakani na litajwe, ili lirekebishwe kabla halijamgharimu mwananchi.