Fimbo Mkononi, Pedali Miguuni: Kupanga Vyombo vya Ndege ya Mchezo

Ukurasa huu wa nyumbani umezoeleka kwa habari za mapishi, malezi na ushonaji, na pengine msomaji atashangaa kuona kwamba wiki hii tunazungumzia ndege za kivita. Lakini kompyuta imekwisha kuingia sebuleni, na pamoja nayo umeingia mchezo ambao vijana wetu, wa kike na wa kiume, huucheza hadi usiku wa manane wakiwa wameshika fimbo na kukanyaga pedali. Mzazi akiuliza kuna nini, hujibiwa kwa mkato: "Ndege imekataa." Makala haya yanaeleza kwa nini ndege hukataa na namna ya kuifanya ikubali. Yanamhusu pia bibi mmoja wa Pundanhar, maana bila yeye nisingeandika.

Pundanhar ni mji mdogo katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kwenye njia itokayo Palma kuelekea Nangade. Mto Ruvuma hauko mbali. Bibi huyo alizaliwa huko, na mwaka 1968, akiwa msichana, alivuka mto pamoja na mama yake wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai. Leo anaishi Mtwara na mjukuu wake, nami ni jirani yao. Mjukuu ndiye mwenye kompyuta. Siku moja alikuja kunigongea, akaniomba nikaitazame fimbo yake, kwa kuwa anajua niliwahi kutengeneza redio.

Ndege yake ilikuwa Mustang, ile ya Kimarekani ya Vita Kuu ya Pili. Kila iliponyanyuka ardhini ililala upande wa kushoto, ikapinduka, ikaanguka. Kijana alikuwa amekwisha kuifungua fimbo na kubadilisha springi yake mara mbili. Fimbo haikuwa na kosa lolote.

Ili kosa lieleweke, yafaa kwanza kueleza kwamba ndege haina usukani mmoja kama gari. Inayo mitatu. Fimbo ikivutwa nyuma, kibao kilicholala mkiani huinuka na pua ya ndege hupanda. Ikisukumwa mbele, pua hushuka. Fimbo hiyo hiyo ikilazwa kulia au kushoto, vibawa vidogo vilivyo karibu na ncha za mabawa huenda kinyume, kimoja juu kingine chini, na ndege hulalia upande. Usukani wa tatu ni wa miguu: pedali mbili huongoza kibao kilichosimama mkiani, nacho huigeuza pua kushoto au kulia pasipo kuilaza ndege. Mkono wa kushoto unabaki na kishiko cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Mpango huu ni wa zamani. Ndugu Wright, waliporuka mwaka 1903, walilala kifudifudi na kuongoza mabawa kwa kusogeza nyonga. Lakini Mfaransa Louis Blériot, alipovuka mlango wa bahari wa Uingereza tarehe 25 Julai 1909, alikuwa na fimbo mkononi na mtaimbo wa kukanyaga kwa miguu, na tangu hapo marubani hawakupata sababu kubwa ya kuuacha.

Hapa kuna jambo linalowakosesha wengi, hasa waliokulia juu ya baiskeli. Katika baiskeli, ukisukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, gurudumu huelekea kulia. Katika ndege, ukisukuma mbele mguu wa kushoto, pua huenda kushoto. Mwili uliozoea baiskeli utafanya kinyume, na kijana atadhani kompyuta imegeuza mambo. Wapo wanaoshika mpangilio na kuugeuza ili ufanane na baiskeli. Nawashauri wasifanye hivyo. Mguu hujifunza kwa siku chache tu, na ukijifunza vibaya utateseka katika kila ndege itakayofuata.

Sasa turudi kwenye ile Mustang. Kijana anatumia mchezo uitwao DCS World, na katika mchezo huo upo ukurasa wa mpangilio uliochorwa mfano wa daftari la mahudhurio. Mistari ni kazi za ndege: kulaza mabawa, kupandisha pua, kugeuza mkia, nguvu ya injini, breki ya gurudumu la kushoto, breki ya gurudumu la kulia. Safu za wima ni vyombo vilivyochomekwa: fimbo, pedali, kipanya na kadhalika. Palipokutana mstari na safu ndipo unapoandika ni mhimili gani wa chombo gani utafanya kazi gani. Ubaya wake ni kwamba mchezo haumngoji mwenyewe. Kila chombo kipya kinapochomekwa, kompyuta hukikadiria kuwa fimbo, ikakipa kazi kabla hujasema neno.

Pedali za kijana zina mihimili mitatu. Mmoja ni wa kusukuma miguu mbele na nyuma, na miwili ni ya vidole vya miguu, kwa ajili ya breki. Kompyuta ilikuwa imeupa mhimili wa breki ya kushoto kazi ya kulaza mabawa, na ule wa breki ya kulia kazi ya kupandisha pua, juu ya kazi zile zile ambazo fimbo ilikuwa nazo tayari. Basi ndege moja ilikuwa na marubani wawili wasiosikilizana. Tena breki isiyokanyagwa haikai katikati kama fimbo. Hukaa mwisho wa safari yake. Kwa hiyo, hata miguu ilipotulia kabisa, pedali zilikuwa zikiiambia kompyuta kwamba fimbo imelazwa yote upande mmoja.

Dawa yake ni kufuta. Usianze kwa kuandika; anza kwa kufuta. Ingia katika safu ya kila chombo, ufute mihimili yote ambayo hukuiweka mwenyewe, hata ya kipanya, kisha uirudishe mmoja mmoja: bonyeza kisanduku, sogeza chombo chenyewe, nacho kitajiandika. Kama fimbo yako ni ya aina inayozungushwa kama kitasa, ule mzunguko nao hupewa kazi ya mkia, hivyo ufute, la sivyo utapigana na pedali. Kazi hii irudiwe kwa kila ndege, kwa kuwa katika mchezo huu kila ndege ina daftari lake. Nilidhani kijana atakasirika kusikia hivyo, lakini alicheka tu.

Baada ya kufuta, Mustang iliruka vizuri, lakini iligoma kutembea ardhini. Hilo nalo ni kosa la kawaida. Pedali nyingi hutoa hesabu kinyume, yaani breki iliyoachiwa huhesabiwa imekanyagwa hadi mwisho. Katika ukurasa wa kurekebisha mhimili kuna alama ya kuugeuza kinyume. Itiwe kwa breki zote mbili. Aidha, ichunguzwe ndege yenyewe. Si kila ndege ina breki za vidole. Spitfire ya Waingereza, na MiG-21 ya Warusi, aina iliyokuwa mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, breki zake hushikwa kwa kishikio kidogo kwenye fimbo, na miguu huchagua tu ni gurudumu lipi lishikwe zaidi. Anayezirusha hizo ayaache matupu masanduku ya breki za vidole, na atafute kitufe kingine kwa kazi hiyo.

Linabaki suala la ulaini. Fimbo ya ndege ya kweli hutoka sakafuni na ni ndefu. Ya mezani ni fupi kama mwiko. Kwa hiyo msogeo mdogo wa mkono huwa msogeo mkubwa wa ndege, na shabaha huruka-ruka. Mpangilio unakuruhusu kuukunja mstari wa mwitikio ili katikati pawe pole na mwishoni pawe pakali. Ukunje kidogo. Kijana alikuwa amekunja mpaka fimbo ikawa kama imelala usingizi, kisha inaamka kwa kishindo. Sehemu ya katikati isiyoitika nayo iwe nyembamba kabisa, labda kama chombo kimechakaa na kinatetemeka chenyewe.

Vitufe sina mengi ya kusema juu yake, kila mkono una tabia yake. Kifyatulio kiwe cha bombomu, kifundo cha juu kiwe cha kutazama huku na huku, na kila unachohitaji vitani kiwe mahali ambapo hulazimiki kuachia fimbo.

Kwa wasio na uwezo wa kununua pedali, fundi wa nyumbani anaweza kuziunda. Mbao mbili, bawaba za mlango, mpira wa baiskeli wa kurudisha miguu katikati, kibao cha umeme cha kuunganisha na kompyuta, na vile vidude vya duara vinavyozungushwa kuongeza sauti katika redio. Lakini tahadhari: kidude cha sauti cha redio kuukuu kwa kawaida hakifai, kwa sababu kimetengenezwa kufuata sikio la binadamu, hakipandi kwa kipimo sawa. Mguu wa kushoto utakuwa mpole na wa kulia mkali. Dukani uliza chenye mwendo sawa. Mara nyingi huandikwa herufi B, na cha sauti huandikwa A.

Sasa nimfikie bibi. Alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele wakati tukifanya haya yote, na sauti ya injini ilikuwa juu. Nilimwamkia nilipoingia, akaitika, kisha hakusema neno. Niliona amegeuza uso ukutani. Nilimwambia kijana apunguze sauti, lakini bibi akasema, "Acha. Nataka kujua kitu. Hiyo miguu inafanya nini?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Kisha mjukuu akamwonyesha: ndege ya propela inapopiga mbizi, mwendo huongezeka, na pua huvutwa pembeni. Rubani anayetaka risasi zake ziende mbele lazima airudishe kwa mguu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka itulie kwenye shabaha. Katika skrini pua ya Mustang iliyumba kushoto, ikayumba kulia, ikatulia.

Bibi aliweka ungo chini. Alisema kwamba huko Pundanhar waliposikia mlio walikuwa wakifukia moto kwa mchanga na kukusanya muhogo ulioanikwa, kwa maana weupe wake huonekana kutoka juu. Ndege ikija, aliiona ikitikisa pua hivyo hivyo, kama mbwa anayenusa. Siku zote aliamini ilikuwa inawatafuta, na kwamba ikitulia maana yake imekosa, inakwenda zake. "Kumbe ikitulia ndipo imetuona," alisema. Mama yake ndiye aliyekuwa akimsukuma ardhini kila ndege ilipotulia, na yeye hakuwahi kuelewa sababu.

Ndege za propela walizotumia Wareno kaskazini mwa Msumbiji miaka hiyo zilikuwa T-6, zilizobuniwa Marekani na kampuni ile ile ya Mustang, North American, kwa ajili ya kufundishia marubani. Wareno walizining'inizia bombomu, roketi na mabomu madogo chini ya mabawa. Jeti za Kiitaliano, Fiat G.91, zilifika Nacala mwishoni mwa 1968, na bibi alikuwa amekwisha kuvuka. Vita vile vilikoma kwa mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974, ukafuata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Machafuko mengine yalianza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na mji wa Palma wenyewe ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Ndugu za bibi walikimbia tena.

Wasomaji wataniuliza kama nilimkataza kijana mchezo wake. Sikumkataza, wala bibi hakumkataza. Kijana mwenyewe ndiye aliyeuzima jioni ile, akafungua mchezo mwingine usio na bunduki, Microsoft Flight Simulator, uliotoka mwaka 2020, ambao ndani yake mna dunia nzima iliyochorwa kwa picha za setilaiti. Alipanga upya fimbo na pedali, maana mchezo huo nao una daftari lake, akafuta kwanza kama nilivyomwelekeza. Akaondoka kiwanja cha Mtwara kwa ndege ndogo ya abiria, akaelekea kusini.

Ruvuma ilionekana pana, yenye mafungu ya mchanga. Bibi aliombwa akae kwenye kiti. Miguu yake haikufika, tukaweka tofali nyuma ya pedali na kusogeza kiti. Aliambiwa asiguse kwa vidole, akanyage kwa nyayo. Alikanyaga wa kushoto, pua ikaenda kushoto. Alitafuta njia ya Palma kwa muda mrefu, akiuliza kila mara kama tuko juu sana, na alipoiona akamwambia mjukuu ashuke kidogo, lakini asishuke sana.