Kifaru Kipigacho Kisikoona

Waingereza walipoyaingiza vitani yale magari ya chuma mara ya kwanza, huko Somme nchini Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916, walikwisha kuyapa jina la tangi. Yalikuwa maficho. Ilitakiwa jasusi akiwasikia mafundi wakizungumza kiwandani adhani ni mapipa ya maji. Jina hilo likaganda na kuenea ulimwenguni. Sisi Waswahili hatukulikubali. Tuliitazama ile ngozi nene na pembe iliyotokeza mbele, tukasema: hiki ni kifaru. Mwenye kutaka kutofautisha na aangalie sarufi. Mnyama ni kifaru huyu, chombo ni kifaru hiki.

Mnyama huyo haoni mbali. Pua na masikio ndiyo yamwongozayo. Siku zote nilidhani kwamba aliyelichukua jina lake akakipa chombo alitazama ngozi tu, macho hakuyafikiri. Mwezi uliopita nimeonyeshwa kifaru kilichorithi vyote viwili.

Mambo yalianza kwa shemeji yangu, mume wa dada, akaaye Kibokoni hapa Mombasa. Alinijia na uso umekunjamana, akaniambia kwamba mwanawe, kijana wa miaka 19, hujifungia chumbani usiku kucha na mashine yake anacheza vita. Wiki tatu baba na mwana hawajasemezana ila salamu. "Mashine nitaiuza," alisema. "Lakini mkanye kwanza, shemeji. Wewe ni mjomba wake, anakusikia."

Nikenda baada ya Isha, maneno yangu nimeyapanga kama mtu aliyekwisha kutafuta vina. Kijana akasimama, akanipa shikamoo na kiti chake mwenyewe, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni vigumu kumkaripia mtu aliyekupa kiti. Nikaona bora nitazame kwanza.

Mchezo wenyewe waitwa StarCraft, nao si mpya. Kampuni ya Blizzard ya huko California iliutoa mwaka 1998, na mwaka 2017 ikauachia bure, ndiyo sababu waweza kuingia hata katika mashine kuukuu kama ile ya mpwa wangu. Mambo yake ni ya nyakati zijazo na nyota za mbali. Mataifa matatu yanagombana: Zerg, ambao ni wadudu wenye meno, Protoss, wenye elimu kubwa na kiburi zaidi, na Terran, ambao ni wanadamu kama sisi. Kila mchezaji huchimba madini, huvuta gesi, hujenga karakana, na kutokana na hayo huunda jeshi. Yote hutendeka kwa pamoja, hakuna kungoja zamu. Ukipiga chafya umepitwa.

Wanadamu wana kifaru kiitwacho kifaru cha kuzingira. Gharama yake ni madini 150 na gesi 100. Kikiwa katika mwendo ni kifaru cha kawaida: pigo lake 30, mzinga wafika miraba 7. Lakini mpwa wangu akabonyeza kitufe kimoja, na kile chombo kikatoa miguu ya chuma, kikaikita ardhini, kikainua mzinga mwingine mrefu. Sasa pigo ni 70 na masafa ni miraba 12. Hakuna kingine cha nchi kavu katika mchezo ule kinachofika huko.

"Na macho yake?" nikauliza, kwa ajili ya yule mnyama.

"Miraba 10, mjomba."

Nikatoa kalamu, nikaandika katika bahasha: chaona 10, chapiga 12. Ile miraba 2 iliyobaki ndiyo iliyonikalisha pale siku tatu.

Kwani kifaru hicho, kikitaka kuitumia nguvu yake yote, hakina budi kuazima macho. Pengine askari wa miguu hutangulizwa mbele aone, naye aghalabu harudi. Lakini wanadamu wa mchezo ule wana hila nyingine. Baadhi ya majengo yao huweza kung'oka na kuelea angani. Basi mpwa wangu alikuwa akiing'oa karakana ya wahandisi, akaiendesha polepole juu ya vichwa vya adui iwe macho ya vifaru vyake, vile nahodha anavyompandisha kijana mlingotini atazame mwamba. Nyumba nzima ya wahandisi, na kazi yake ni kuchungulia!

Kikisha kukita miguu, kifaru kina taabu nyingine. Hakiwezi kwenda. Hakiwezi kupiga kilicho angani. Na adui akikisogelea ndani ya miraba 2, mzinga hauwezi kuinama kumpata. Mdudu mdogo wa Zerg, ambaye uhai wake ni 35, akiwa mbali hufa kwa kombora moja. Akifika ubavuni, kifaru chatafunwa kikimtazama. Wokovu wake ni jirani: kifaru cha pili kilicho nyuma humpiga yule mdudu. Lakini mripuko huenea, haubagui. Jirani hukuokoa huku akikuunguza.

Protoss wamelijua hilo. Humpakia askari wao wa upanga katika chombo kirukacho, wakaja kumwangusha katikati ya vifaru. Hapo yeye hata upanga hana haja ya kuuharakisha. Vifaru vyote vilivyo kando humwelekea na kufyatua, na kila kombora humpata yeye na mwenziwe kifaru pamoja.

Usiku wa tatu kijana akaniachia kipanya. Vidole vyangu vilijifunza kalamu ya mwanzi juu ya ubao wa chuoni, kipanya vilikipata uzeeni. Hata hivyo nilipata vifaru vinne na askari wa miguu kumi na wawili. Wadudu wakaja kwa wingi, nikawapeleka askari wangu mbele kuwazuia, nikavikalisha vifaru nyuma yao kama nilivyoona. Vikafyatua. Askari wa mchezo ule uhai wake ni 40. Kombora likimkuta katikati ya mripuko humwachia 5. Kombora la pili halimwachii kitu. Wadudu walipokwisha nilihesabu askari wangu: wamesalia wawili.

"Wengine wameuawa na nani?" nikauliza, ingawa nilikwisha kuona.

"Na wewe, mjomba."

Hakucheka. Akanionyesha kwamba askari walipaswa kusimama ubavuni, mbali kidogo, wawe macho bila ya kuwa ngao. Nikaomba turudie. Tulirudia mara tano, na mara ya tano walisalia saba. Nje mwadhini alikuwa akiadhini alfajiri.

Huko Korea ya Kusini mchezo huu ulipata kuonyeshwa katika televisheni kwa miaka mingi, wachezaji wakilipwa mishahara. Mwaka 2004 fainali moja ilifanywa katika ufuo wa Gwangalli mjini Busan, na hadhira yake ikatajwa kufikia watu laki moja. Lee Young-ho, aitwaye Flash, alijipatia sifa akicheza na wanadamu hawa hawa wa vifaru. Hayo nayataja tu. Shemeji yangu hayakumgusa.

Kilichomgusa ni kingine. Asubuhi nilimkuta barazani na bao lake, mashimo 32 na kete 64, kwani yeye alasiri zote huzimaliza hapo, na Kibokoni nzima waogopa mkono wake. Akauliza kama nimemkanya. Nikamjibu kwamba bado, nikamweleza habari ya kifaru, kinavyojikita kikawa na nguvu kuu na kikashindwa kuondoka.

Akaiacha kahawa. "Hiyo ni nyumba," alisema, akigusa lile shimo la mraba. "Umeijaza, kete imeishia humo: walala au wasafiri?"

"Si nyumba kamili," nikasema. "Nyumba haili kete zako mwenyewe."

"Chapiga watu wake?"

"Chapiga."

Akanyamaza. Kisha akauliza kile kifaru chaweza kunyanyua miguu kwa muda gani, adui akiwa njiani. Sikuwa na jibu sahihi, nikamwambia amuulize mwanawe.

Juzi dada yangu amenipigia simu kwa hasira, akitaka kujua nilitumwa kukanya au kuchochea, kwani sasa waliojifungia chumbani ni wawili, na mkubwa ndiye anayekataa kulala.