Kahawa Ikikatwa Ghafula

Askari wa zamu ya usiku wanaujua msaada wa kahawa nyeusi. Kikombe cha saa sita ya usiku hufukuza usingizi, na lindo likaisha salama. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Linalotushughulisha leo ni siku ile kikombe kinapokosekana: askari yuko likizoni kwao, au kikosi kimo porini na akiba imekwisha.

Kesho yake kichwa chamgonga, viungo vyamlegea, hataki kusemeshwa, na hata hesabu ndogo ya risasi yamshinda. Wenzake husema ni malaria. Mkubwa wake, aghalabu, husema ni uvivu. Yamkini si hili wala lile, bali ni mwili unaodai kahawa yake.

Sababu yaeleweka. Mtu akiwa macho, ubongo hukusanya kidogo kidogo kitu kiitwacho adenosini, nacho huleta uchovu. Kafeini iliyomo katika kahawa huketi mahali pa adenosini, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Lakini kwa mnywaji wa kila siku ubongo nao huongeza viti. Kahawa ikikatwa, adenosini huvikuta viti vyote vitupu, tena vimezidi. Mishipa ya damu kichwani hutanuka, na maumivu huanza.

Huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hukithiri siku ya kwanza au ya pili, na yaweza kudumu siku 2 hadi 9. Wala si lazima mtu awe mnywaji wa kupindukia: miligramu 100 kwa siku, yaani takriban kikombe kimoja, zatosha kumfikisha hapo.

Majeshi makubwa yameonja mambo haya, tena kwa dawa kali kuliko kahawa. Kati ya Aprili na Julai 1940, jeshi la Ujerumani lilipelekewa vidonge zaidi ya milioni 35 vya metamfetamini, kikiwemo kile kilichoitwa Pervitin. Askari walikesha na kusonga mbele. Dawa ilipowaisha mwilini walizidiwa na uchovu, wakaingiwa na huzuni na hamu ya kidonge kingine. Mwaka 1941 Wajerumani wenyewe wakaviwekea vidonge hivyo sheria kali. Siku hizi Wamarekani wana ubani wa kutafuna wenye miligramu 100 za kafeini kwa kipande, na twaona hilo lina nafuu.

Hata hivyo, tahadhari. Kukosa kahawa hakuleti homa. Askari ambaye mwili wake umepanda joto asisingiziwe kikombe. Na apelekwe kupimwa damu bila kuchelewa.

Ajuaye kwamba safari i karibu na apunguze mapema, kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, badala ya kuacha kwa siku moja. Na tumewasikia wengine wakijisifu kuwa wameacha kahawa, kumbe wamehamia chai ya rangi na soda nyeusi. Hao hawajaacha kitu, maana kafeini imo humo pia, ingawa ni pungufu. Na hiyo ndiyo sababu vichwa vyao haviwaumi.