Kipindi Kikiisha, Kazi Ianze

Mwaka 1973, Watanzania wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu chao, kisha wakajadiliana: Maji yetu yanatoka wapi? Mbu wanazaliana wapi? Mjadala ulikusudiwa kuishia katika uamuzi wa kutekelezwa. Vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Siku hizi daktari huzungumza studioni, na mzazi hupiga simu kueleza homa ya mtoto wake. Faida ipo, na hatari ipo pia, kwani simu haipimi damu. Homa yaweza kuwa ya malaria, nimonia au maradhi mengine. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu hatamwandikia dozi hewani. Atauliza iwapo mtoto ananyonya, anapumua kwa shida au amepata degedege, kisha atahimiza apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Ndugu msomaji, kipindi kikiisha, usiondoke na jina la dawa tu. Jadilianeni nyumbani, amueni jambo moja, mlitekeleze.