Kuifanya Ekseli ya Mbele ya Volkswagen Beetle Irekebishike: Kanuni, Mbinu na Mipaka ya Usalama

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ekseli ya mbele ya Volkswagen Beetle, ambayo kiwandani ilitengenezwa bila njia ya kurekebisha kimo cha gari, inavyobadilishwa karakanani ili iweze kurekebishwa. Yanaanza kwa kulinganisha ekseli hiyo na mfumo wa nyuma wa gari hilohilo, ambao unarekebishika kwa kiasi tangu kiwandani. Kisha yanafafanua kazi ya ukataji na uchomeleaji na kuchambua athari zake katika usukani, shokomzoba na viungo. Hoja kuu ni kwamba kirekebishaji hubadili mahali springi inapoanzia kazi, wala hakibadili ugumu wa springi. Na kwamba kuchanganya mambo hayo mawili ndiko chanzo cha makosa mengi ya kiufundi yanayohatarisha maisha.

1. Utangulizi

Ferdinand Porsche aliombea hataza mfumo wa springi za msokoto mwaka 1931. Badala ya springi ya koili au ya majani yanayopindika, mfumo huo hutumia chuma kirefu kilichoshikwa upande mmoja na kusokotwa upande wa pili na mkono unaobeba gurudumu. Wazo hilo liliingizwa katika Beetle, gari lililotengenezwa tangu 1938 hadi lilipofikia kikomo chake nchini Meksiko mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kuundwa.

Wingi huo wa magari ulizaa matumizi ambayo wabunifu wa awali hawakuyakusudia. Nchini Marekani, hususan California, baadhi ya wamiliki walitaka pua ya gari ishuke, na wengine walitaka iinuke ili gari lipite jangwani. Mashindano ya Mexican 1000 ya mwaka 1967 yalishindwa na gari la Meyers Manx, lililojengwa juu ya sakafu ya Beetle iliyofupishwa. Katika Afrika Mashariki, Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1957 na 1962, katika barabara ambazo kimo cha gari kutoka ardhini kilikuwa suala la kufika au kutofika. Swali la kiufundi katika matumizi yote hayo ni moja: kimo cha mbele kitabadilishwaje ilhali kiwanda hakikuweka njia ya kukibadilisha?

2. Mfumo wa Nyuma: Urekebishaji wa Kiwandani

Upande wa nyuma, kila gurudumu lina pau moja la msokoto lenye meno kwenye ncha zote mbili. Ncha ya ndani, iliyoshikwa katikati ya gari, ina meno 40. Ncha ya nje, inayoshika bamba la springi, ina meno 44. Kusogeza ncha ya ndani jino moja ni sawa na kuizungusha nyuzi 9. Kusogeza ncha ya nje jino moja ni sawa na nyuzi 8.18. Fundi akisogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma, tofauti inayobaki ni nyuzi 0.82 tu.

Umuhimu wa hesabu hiyo huonekana kwa mfano. Tuchukue mkono wenye urefu wa sentimita 40 ulio karibu na mlalo. Jino moja la ndani peke yake lingebadili kimo kwa takriban milimita 63, kiasi kisichofaa kwa marekebisho ya kawaida. Meno mawili yakitumiwa kwa kupingana, badiliko huwa takriban milimita 6. Kwa hiyo kiwanda kilipata usahihi bila skrubu ya ziada wala kitasa, kwa kutofautisha idadi ya meno peke yake. Hakuna kinachokatwa, na kosa la fundi linaweza kurudishwa nyuma.

3. Mfumo wa Mbele: Springi Isiyo na Nafasi

Ekseli ya mbele imejengwa kwa namna nyingine. Ina mabomba mawili yaliyolala sambamba, moja juu ya jingine, kukingama upana wa gari. Ndani ya kila bomba mna fungu la mapapi membamba ya chuma cha springi. Katikati ya bomba mna kipande chenye tundu la mraba kinacholishika fungu hilo lisizunguke, na skrubu moja yenye nati ya kufungia huingia katika kishimo kilichochongwa kwenye mapapi. Kwenye kila ncha hutoka mkono unaoelekea nyuma hadi kwenye gurudumu.

Kwa kuwa kipande cha katikati kimefungwa imara ndani ya bomba, pembe ya kuanzia ya mikono yote minne imeamuliwa kiwandani. Hakuna meno ya kusogeza. Ndiyo maana anayetaka kubadili kimo cha mbele hulazimika kuligusa bomba lenyewe. Maelezo haya hayahusu modeli za 1302 na 1303, ambazo mbele zilitumia miguu ya MacPherson yenye springi za koili.

4. Kazi ya Ubadilishaji

Kirekebishaji hufanya kipande cha katikati kiweze kuzungushwa na kufungwa katika pembe mpya. Kazi hiyo hufuata mpango huu. Kwanza, ekseli huondolewa garini na mapapi yote hutolewa. Hatua hii haina mbadala, kwa sababu chuma cha springi kimepata uthabiti wake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo; joto la kuchomelea huuharibu uthabiti huo, na papi lililoungua hulegea au huvunjika baadaye bila dalili. Grisi nayo husafishwa, kwani hushika moto na kuchafua mchomeleo.

Pili, mahali pa skrubu na pembe yake ya asili huwekewa alama kwenye bomba kabla ya msumeno kupita. Alama hiyo ikikosekana, fundi hupoteza nukta ya kuanzia, na pande mbili za vipimo vyake hazitakuwa na maana. Tatu, bomba hukatwa pande zote mbili za kipande cha katikati, na kirekebishaji chenye meno au mfuo pamoja na bolti ya kufungia huwekwa mahali pake. Nne, uchomeleaji hufanywa kwa vipande vifupivifupi vinavyobadilishana pande, huku ekseli imefungwa kwenye fremu ngumu. Chuma kinapopoa husinyaa. Upande mmoja ukichomelewa mfululizo, bomba hupinda na usambamba wa mabomba mawili hupotea. Usambamba huo ndio unaoyafanya magurudumu yapande na kushuka bila kubadili mwinamo.

Baadhi ya mafundi huweka kirekebishaji kwenye bomba moja tu ili kupunguza gharama. Matokeo yake ni kwamba mafungu mawili ya springi huvutana: moja linasukuma gurudumu kushuka ilhali jingine limelegezwa. Gari husimama katika kimo cha kati, na fungu lisiloguswa hubeba mzigo mkubwa kuliko lilivyokusudiwa.

5. Kisichobadilika na Kinachobadilika

Ugumu wa springi ya msokoto hutegemea urefu wake, umbo la mkato wake na aina ya chuma. Kuzungusha kipande cha katikati hakugusi chochote kati ya hivyo. Gari lililoshushwa kwa kirekebishaji halina springi laini zaidi wala ngumu zaidi. Lina springi zilezile, zikiwa na nafasi ndogo ya kusafiri kabla ya mkono kugonga kizuizi. Dereva anayehisi ugumu mpya kwa kawaida anahisi kizuizi, si springi. Kinyume chake, kuondoa baadhi ya mapapi hupunguza ugumu kwelikweli, na hilo ni badiliko tofauti linalohitaji hesabu tofauti.

Kimo nacho hakifuati pembe kwa uwiano ulionyooka. Tuchukue mkono wa sentimita 15. Nyuzi 10 za kwanza kutoka mlalo hutoa takriban milimita 26. Nyuzi 10 kati ya 40 na 50 hutoa takriban milimita 18 tu. Fundi anayekadiria jino la mwisho kwa kipimo cha jino la kwanza hukosea.

Yanayobadilika ni matatu. La kwanza ni pembe ya kasta, yaani mwegamo wa mhimili wa usukani. Pua ikishushwa na nyuma ikiachwa, gari zima huinamia mbele na kasta hupungua. Usukani hupoteza tabia ya kujirudisha katikati, na gari hutangatanga kwenye mwendo mkubwa. Vipande vyembamba huwekwa nyuma ya bomba la chini ili kuirudisha pembe hiyo. La pili ni pembe ya fito za usukani, ambazo zikiinama kupita kiasi huyageuza magurudumu kila yanapopanda na kushuka. La tatu ni safari ya shokomzoba na viungo. Shokomzoba ndefu hufika mwisho kabla ya mkono na kupokea pigo ambalo halikuwa lake. Katika ekseli zenye boljointi, zilizochukua nafasi ya zile zenye kingpini katika magari mengi kuanzia modeli ya 1966, kiungo kinaweza kufika ukingo wa pembe yake na kuvunjika.

6. Mipaka ya Usalama

Bomba la ekseli si ganda la springi tu. Ndilo linaloshika mikono na, kupitia mikono, magurudumu yanayoongoza gari. Bolti ya kirekebishaji ikiteleza, pua huanguka juu ya vizuizi, na dereva bado anaweza kusimama. Mchomeleo ukipasuka, anaweza kupoteza uelekeo. Madhara ya makosa hayo mawili hayalingani, ingawa yote mawili hutokana na kazi moja.

Sheria ya Ujerumani, nchi asili ya gari hili, inalitambua jambo hilo. Kifungu cha 19 cha kanuni za vyombo vya barabarani, StVZO, kinaeleza kwamba kibali cha gari hukoma endapo badiliko lililofanywa linaweza kutarajiwa kuwahatarisha watumiaji wa barabara. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, si lazima ajali itokee kwanza. Matarajio ya hatari yanatosha.

7. Hitimisho

Ulinganisho wa mbele na nyuma ya Beetle unaonyesha njia mbili za urekebishaji. Nyuma, uwezo wa kurekebisha umo ndani ya muundo na hauondoi chochote kwenye chuma. Mbele, uwezo huo hupatikana kwa kukata sehemu inayobeba uhai wa dereva na kuiunga upya. Njia ya pili inaweza kufanya kazi vizuri iwapo mapapi yameondolewa, pembe imewekewa alama, usambamba umelindwa, na kasta, fito na shokomzoba vimepimwa upya baada ya kimo kubadilika. Hatua mojawapo ikiachwa, kinachorekebishika ni kimo peke yake, huku usukani, breki na viungo vikiendelea kufanya kazi kwa vipimo vya gari ambalo halipo tena.