Mkenya ni 'Kenyan', Mkongomani ni 'Congolese', Muomani ni 'Omani': Kwa nini Kiingereza hakina mwisho mmoja?

Unajaza fomu ya viza au ya kuomba kazi, unafika kwenye sehemu ya uraia. Mtanzania anaandika 'Tanzanian', anasonga mbele. Jirani yake kutoka Kinshasa anaandika 'Congolese'. Wa Muscat anaandika 'Omani'. Wa Warsaw anaandika 'Polish'.

Watu wanne, miisho minne. Na ukijaribu kubahatisha, unaumbuka: hakuna 'Congoan', hakuna 'Omanese', wala 'Polandian'.

Kwenye Kiswahili kazi ni nyepesi. Unaweka M- mbele kwa mtu mmoja, Wa- kwa wengi, basi: Mkenya, Wakenya, Mchina, Wachina. Kwa nini Kiingereza kinahangaika hivi?

Jibu fupi ni kwamba miisho hii haikutoka nyumba moja. Kiingereza kiliikopa kwa watu tofauti, katika nyakati tofauti.

-ish: mwisho wa nyumbani

Huu ndio wa Kiingereza chenyewe. Katika Kiingereza cha kale uliandikwa '-isc', na una ndugu zake katika lugha nyingine za Kijerumani. Ndiyo maana unaukuta zaidi kwa Waingereza wenyewe na watu wa Ulaya ambao wamewafahamu kwa muda mrefu: 'English', 'Scottish', 'Irish', 'Danish', 'Swedish', 'Polish', 'Spanish', 'Turkish'.

Wengine wanao ila umechakaa kwa kutamkwa karne nyingi. 'French' zamani ilikuwa 'frencisc'. 'Welsh' na 'Dutch' nazo zina mabaki ya mwisho huohuo.

-an na -ian: urithi wa Roma

Huu ulitoka kwenye Kilatini, '-anus'. Mtu wa Roma aliitwa 'Romanus', wa Afrika 'Africanus'. Kiingereza kikauchukua, na leo ndio unaotumika zaidi: 'Kenyan', 'Ugandan', 'Zambian', 'Brazilian', 'American'.

Unapendwa kwa sababu unashikana kirahisi na majina yanayoishia na 'a', na nchi nyingi zina majina ya namna hiyo. Chukua Tanzania. Jina hilo lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, miezi michache baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Kwa kuwa linaishia na -ia, kama Zambia au Ethiopia, kuongeza 'n' tu kulitosha.

Lakini usilale. Ghana inatoa 'Ghanaian', na Kanada inatoa 'Canadian'.

-ese: je, ni dharau?

Hapa ndipo penye mjadala mkali. Wapo wanaodai kwamba Wazungu waliwapa mwisho wa '-ese' watu waliowadharau: Wachina, Wajapani, Wavietnamu, Wakongomani, Wasudani. Ukiitazama orodha hiyo peke yake, unaweza kushawishika.

Shida ni kwamba orodha haijakamilika. Mreno naye ni 'Portuguese'. Mtu wa Malta ni 'Maltese'. Wa Milan ni 'Milanese', wa Vienna ni 'Viennese'. Hao wote ni wa Ulaya.

Chanzo chake ni Kilatini '-ensis', yaani 'wa mahali fulani'. Wanasayansi bado wanautumia: 'Australopithecus afarensis', binadamu wa kale sana, alipewa jina kutokana na eneo la Afar nchini Ethiopia. Waitaliano waliugeuza kuwa '-ese', Wareno '-ês', Wafaransa '-ais' au '-ois'.

Sasa fikiria habari za Asia zilivyofika London. Marco Polo, aliyeisimulia China kwa Ulaya, alitoka Venice. Wareno walifika Japani mwaka 1543, kabla ya Waingereza. Waingereza walizipata habari hizo kupitia kwa wasafiri na wafanyabiashara wa kusini mwa Ulaya, na maneno yakaja na mkia wake.

Kwa Afrika, mlango mkubwa ulikuwa Kifaransa. 'Congolais' ikawa 'Congolese', 'sénégalais' ikawa 'Senegalese', 'togolais' ikawa 'Togolese'. Ile 'l' ya 'Togolese', ambayo haimo kwenye jina la nchi, imetoka hukohuko.

Rwanda inaonyesha jambo hili vizuri. Chama cha RPF kilipoanzishwa mwaka 1987, jina lake la Kiingereza lilitumia neno 'Rwandese', linalofanana na 'rwandais' ya Kifaransa. Leo neno lililozoeleka ni 'Rwandan'. Nchi ni ileile, mwisho umebadilika.

Kwa hiyo mwisho wenyewe si tusi. Hilo halimaanishi kwamba Wazungu hawakuwadharau watu hao. Waliwadharau, na maneno ya dharau yapo: 'Chinaman', kwa mfano, leo ni neno la kuudhi. Ila dharau hiyo haikuanzia kwenye '-ese'.

-i: huu Waswahili wanaujua

'Omani', 'Yemeni', 'Iraqi', 'Kuwaiti'. Huu ni mwisho wa Kiarabu unaoitwa nisba, na unaunganisha mtu na mahali au ukoo wake. Lugha za Uajemi na Bara Hindi nazo zina mwisho wa namna hiyo, ndiyo maana kuna 'Pakistani' na 'Bangladeshi'. Waisraeli pia ni 'Israeli', kwa sababu Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu.

Tena uko ndani ya Kiswahili chenyewe. 'Sawahil' kwa Kiarabu ni pwani. Ongeza -i, unapata wa pwani: Swahili. Neno 'Mhindi' lina 'hindi' ya Kiarabu ndani yake, halafu Kiswahili kikaongeza M- yake mbele. Yaani neno moja limebeba alama mbili, moja ya Kibantu mbele na moja ya Kiarabu nyuma.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini mkazi wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa Kiingereza ni 'Zanzibari' na wakati huohuo ni 'Tanzanian'. Jina la kisiwa lina historia ya Bahari ya Hindi, jina la nchi lilitungwa mwaka 1964.

Pale Kiingereza kilipokubali M- na Wa-

Kuna nchi ambazo zimebaki na utaratibu wao. Raia wa Botswana kwa Kiingereza ni 'Motswana', wakiwa wengi ni 'Batswana'. Wa Lesotho ni 'Mosotho' na 'Basotho'. Mswahili akiyaona maneno haya haitaji kufundishwa: Mo- ni M-, Ba- ni Wa-.

Mambo ya kuangalia usije ukaumbuka

• Mtu wa Niger si 'Nigerian'. Huyo ni wa Nigeria. Wa Niger ni 'Nigerien', kwa tahajia ya Kifaransa.

• Raia wa Afghanistan ni 'Afghan'. 'Afghani' ni pesa yao.

• Wasomali wengi wanataka kuitwa 'Somali', si 'Somalian'. Somali ni jina lao kabla halijawa jina la nchi.

• Miisho ya '-an' na '-i' inapokea 's' ya wingi: 'Kenyans', 'Omanis'. '-ese' haipokei. Ni 'two Congolese', basi.

• Mwisho wa '-ish' ni sifa, hautaji mtu mmoja peke yake. Huwezi kusema 'a Polish' ukimaanisha mtu. Mpolandi ni 'a Pole', Mhispania ni 'a Spaniard', Mturuki ni 'a Turk'.

Hakuna kanuni moja itakayokuokoa kila mara. Kamusi inasaidia. Inayosaidia zaidi ni kumuuliza mwenyewe anavyojiita, maana kama Rwanda ilivyoonyesha, jina la leo linaweza lisiwe lile ulilofundishwa shuleni.