Jina ni la mutoto, feza ni ya mungine

Mutu yeyote anaweza kununua jina lako leo. Anahitaji paka dola kumi na mbili hivi na telefone yenye intaneti. Anaandika jina lako, anaweka «.com» nyuma, akikuta hakuna mwenye kulichukua mbele yake, basi ni lake mwaka muzima. Kila mwaka akilipa, linabakia lake. Hataomba ruhusa kwako wala kwa baba yako. Ile adresi ya site njo inaitwa domene.

Sisi watu wa mine tunajua hii hesabu, ni sawa na mambo ya kare. Tangu Code minier ya 2002, kule ku CAMI dosie iliyofika ya kwanza njo inatazamwa ya kwanza. Kare moja ni karibu hektari 85, na kila mwaka unalipia. Kuko wenye kuchimba, na kuko wenye kukalia karatasi tu, wanangojea mwenye mashini afike wamuuzie. Ku intaneti ni vile vile, ila bulongo yenyewe ni jina la mutu.

Na majina yenye kutafutwa sana ni ya vijana wenye kucheza basketi na futbol ya Kimarekani mu ma-iniversite ya Marekani. Mutoto wa miaka 18 anacheza vizuri leo usiku ku televizyo, kesho inchi nzima inaandika jina lake mu intaneti. Mwenye kushika ile adresi anaweka matangazo, anauza tishati, ao anangojea siku mutoto atakuwa tajiri aje kuikomboa.

Chris Bosh aliyaona hayo. Alicheza mwaka moja ku Georgia Tech, kisha mu 2003 akaingia Toronto Raptors. Alipotaka domene ya jina lake, akakuta mutu mwingine ameishika. Alimushitaki. Mu 2009 tribinali ya shirikisho kule California ilimurudishia jina, ikaamuru alipwe dola 120.000, na nyuma ya pale ikamupatia Bosh domene zingine za yule mutu, karibu 800. Mulikuwa majina ya wachezaji wa kulipwa, ya wanafunzi wa iniversite, hata ya watoto wa sekondari! Bosh alisema atawarudishia wenyewe bila kuwaomba feza. Mimi ninamusifu kwa ile. Lakini tuangalie vizuri: Bosh alikuwa tayari na mushahara mukubwa wa kulipa avoka. Yule mwanafunzi wa chumba cha iniversite angefanya nini?

Kuko njia nafuu kuliko tribinali. Tangu 1999, shirika ICANN lenye kusimamia majina ya intaneti liliweka sheria ya mashitaka, na kesi nyingi zinapelekwa ku OMPI, kule Geneva. Unalipa dola 1.500, juji moja anasoma dosie, hakuna safari. Lakini lazima uonyeshe mambo matatu: kwamba lile jina ni alama yako ya biashara ao linafanana nayo, kwamba mwenye kulishika hana haki juu yake, na kwamba alilichukua na kulitumia kwa nia mbaya. Dan Marino, mukubwa wa futbol ya Kimarekani, alishinda mu 2000. Muimbaji Bruce Springsteen alishindwa mu 2001. Kushika jina la mutu peke yake hakutoshi, na mimi ninaona ni haki: kijana mwenye kufungua site ya kumusifu muchezaji wake, bila kumuomba kitu, si mwizi. Na mutu mwenye kuzaliwa na jina lile lile, je, huyo tumufukuze?

Shida iko ku lile jambo la kwanza. Ili jina liitwe alama ya biashara, kama hukuliandikisha, uonyeshe kwamba unafanya nalo biashara. Na NCAA, chama chenye kutawala michezo ya iniversite Marekani, kilikuwa kinakataza mwanafunzi kupata hata dola moja juu ya jina lake. Iniversite iliuza tiketi, televizyo ilipata yake, mwenye domene alipata yake. Mwenye jina alipewa bursi na chakula. Sisi mu sendika tunaijua hii namna: kazi ni yako, lakini kusema juu ya bei ni hapana. Johnny Manziel wa Texas A&M, kompani ya familia yake ilishitaki muuza tishati mu 2013, na NCAA ikasema feza ya kushinda kesi anaweza kuichukua. Yaani akubaliwe feza ya avoka, akatazwe feza ya jasho lake!

California ilivunja ule mulango kwa sheria ya 2019, na tangu tarehe 1 Julai 2021 NCAA yenyewe iliachilia: mwanafunzi anaweza kuuza jina na picha yake.

Ila watoto wetu walikuta mulango haufunguki muzima. Oscar Tshiebwe, mutoto wa hapa Lubumbashi, mu 2022 alichaguliwa muchezaji bora wa iniversite zote za Marekani, akiwa Kentucky. Wenzake walikuwa wanatia sinyatire ku kontra za matangazo. Yeye alikuwa na visa ya mwanafunzi, na ile visa inakataza karibu kila kazi nje ya iniversite. Timu yake ilipoenda kucheza Bahamas mu Agosti 2022, njo kule, nje ya bulongo ya Marekani, alifanya kazi zake za matangazo.

Lakini kushika domene ya jina lako si kazi ya mushahara, visa haikatazi. Kwa hiyo, wazazi wenye watoto wa basketi, wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, sikieni. Ajenti akija na kusema «mimi nitamutengenezea site», muulizeni domene itaandikishwa kwa jina la nani. Mwenye kuandikwa mu rejista njo mwenye mali; aliyelipa faktire anaweza kuwa mwingine. Adresi ya imeli iwe ya mutoto ao ya muzazi, na neno la siri mulishike ninyi. Muchukue «.com» pamoja na «.cd» yetu. Na tarehe ya kulipa muiandike ku kalandrie ya nyumba: ikipita, kuko siku chache za kuikomboa kwa bei kubwa, kisha jina linarudi mu soko, na wale wenye kungojea wana mashini zenye kulikamata siku ile ile.